Moja ya Meneja

Sebule ya akina Wakili ilikuwa na kuta nne, kama sebule ya watu wenye akili timamu, ila ukuta mmoja ulikuwa mweusi tii. Baba aliupaka rangi ya ubao wiki moja kabla ya kuoa, bibi harusi akiwa bado hajajua vizuri anaolewa na mtu wa namna gani, na Mama alipokuja kushtuka, rangi ilikuwa imekwisha kukauka na ndoa imekwisha kufungwa. Baba alifundisha hesabu kwenye shule ya kutwa ya jirani. Mama alishona sare za shule katika chumba kilichofuata, mlango ukiwa wazi kati yao, na kwa muda wote wa ndoa yao walikuwa na ugomvi mmoja tu wa kudumu: vumbi la chaki kwenye vitambaa vya buluu. Mengine yote walisameheana.

Kwenye ukuta huo ndipo ilipofanyika, kila likizo, sherehe ya namba timilifu.

Namba timilifu haiumi. Unachukua namba, unatafuta vigawo vyake, yaani namba zote ndogo kuliko yenyewe zinazoigawanya bila kubakisha kitu, unavijumlisha, na jumla inakurudishia namba ileile. Sita hugawanyika kwa tatu, kwa mbili na kwa moja. Tatu na mbili na moja ni sita. Namba nyingi hazikujaliwa hivyo. Vigawo vya kumi vinafika nane tu, inabaki na njaa. Vya kumi na mbili vinafika kumi na sita, yaani namba imejisifu kupita uwezo wake, kama baadhi ya wajomba. Timilifu ni za kutafuta kwa tochi: sita, ishirini na nane, 496, 8,128, halafu kimya, kimya cha kumkatisha tamaa mtu mzima, mpaka 33,550,336. Hiyo ya tano Baba aliitamka jina lake lote, polepole, kama watu wengine wanavyotamka jina la mkubwa aliyewahi kuwapa mkono: milioni thelathini na tatu, laki tano na hamsini elfu, mia tatu thelathini na sita.

Walimu wengine wakiorodhesha vigawo huanza na moja wakapanda. Baba alianza juu. Alisimama kwenye kiti, akaandika kigawo kikubwa kabisa karibu na dari, akashuka mstari kwa mstari, akashuka kwenye kiti chenyewe, akainama, mpaka ile moja ikaangukia chini kabisa, jirani na sakafu. Alianza mtindo huo baada ya kitinda mimba kudai naye apewe kazi.

Kitinda mimba waliyemzaa aliitwa Meneja. Jina lake la hati halikuwa na matumizi yoyote. Tangu alipojua kutembea alitembea na mikono nyuma, tumbo mbele, akikagua. Alisimama kando ya cherehani ya Mama na kuuliza kama kazi inakwenda. Aliingia jikoni, akafunua sufuria, akatikisa kichwa, akatoka bila kueleza kasoro aliyoiona. Namba pekee aliyojua kuiandika ilikuwa moja, kwa hiyo ndiyo aliyopewa. Baba alipofika mstari wa chini alisogea pembeni, akampa chaki kwa mikono miwili, na Meneja alichuchumaa, akachora kijiti chake kilicholala kidogo upande wa kushoto, akasimama, akawageukia wananchi, mikono nyuma, akatangaza:

"Na moja."

Alilisema kwa uchovu, kama mtu aliyebeba hesabu yote peke yake. Hapo makofi yalikuwa lazima. Hata Mama alitakiwa kutoa mguu kwenye kanyagio la cherehani apige makofi, na asipopiga, Meneja alimsubiri.

Likizo iliyotangulia walimaliza 8,128. Iliyofuata ilikuwa zamu ya ile kubwa, na kwa heshima yake kazi iligawanywa mapema. Vigawo vya 33,550,336 vimejipanga makundi mawili: kundi dogo linaanza na moja na kujirudufu, mbili, nne, nane, hadi 4,096, kundi kubwa linaanza na 8,191 na kujirudufu hadi nusu ya namba yenyewe. Nyumba yote imesimama juu ya nguzo moja: hiyo 8,191 lazima iwe namba tasa, isiyokubali kugawanywa na chochote ila moja na yenyewe. Ikivunjika hiyo, vinajitokeza vigawo vingine visivyoalikwa na utimilifu unakwenda na maji. Kuithibitisha nguzo ndiyo kazi aliyopewa Wakili, aende nayo shuleni.

Wakili alikuwa binti mkubwa, wa shule ya bweni. Jina alilipata kwa matroni baada ya kumtetea paka aliyekutwa na samaki wa jikoni, na kumtetea vizuri hivi kwamba paka aliachiwa kwa kukosa ushahidi na mpishi akaombwa ajieleze. Mtu wa sifa hizo hakai chini kugawanya 8,191 mwenyewe. Alibandika tangazo kwenye mlango wa bweni la kidato cha kwanza: kila mkazi agawanye 8,191 kwa namba aliyopangiwa, aandike baki, atakayekosea atarudia, kwa amri ya Idara. Hakuna aliyeuliza Idara ipi. Watoto wa watu waligawanya kwa mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja, wakapanda hivyo kwa namba tasa hadi themanini na tisa, kwa sababu ukivuka hapo unarudia kazi ileile kwa mlango wa nyuma. Jioni wakakabidhi majibu kwa nidhamu ya kusikitisha.

Hakuna aliyepata sufuri. Nguzo ilikuwa imara. Lakini kilichomfanya Wakili acheke peke yake kitandani ni baki zenyewe. Kwa mbili, baki moja. Kwa tatu, baki moja. Kwa tano, kwa saba na, ukiruka kumi na moja, kwa kumi na tatu: baki moja. Umpige kwa hili, umpige kwa lile, mwisho wa vurugu kijiti kimoja kinasimama na mikono nyuma kinakagua uharibifu. Aliamua asiandike nyumbani. Angefika na kusema mwenyewe mbele ya ukuta: Meneja, uko kila mahali.

Mtihani wa mwisho ulipokwisha, aliyekuja kumchukua alikuwa Mjomba, kaka yake Mama, fundi bomba, na pikapu yake iliyojaa mabomba yanayogongana kila kwenye tuta. Wakili alikuwa na ngonjera za muhula mzima. Alimsimulia kesi ya paka, alimsimulia Idara, akaigiza sauti ya matroni. Mjomba, mtu ambaye huchekea hata bomba lililompasukia usoni, alishika usukani kwa mikono miwili na kuangalia mbele. Kabla hawajafika mtaa wao alisogeza gari kando, akazima injini. Mabomba yakanyamaza.

"Mjomba," alimwita, maana yeye na mpwa wake waliitana hivyohivyo, "Meneja hatunaye."

Akaeleza kwa sentensi fupifupi, kama mtu anayepitisha vitu mkono kwa mkono. Homa. Hospitali. Dripu. Asubuhi Mama alikuwa anamwosha uso, akaona. Wamekwisha kuzika.

Wakili aliuliza siku. Mjomba akaitaja. Ilikuwa siku ya karatasi ya pili ya hesabu. Wakati kaburi linafukiwa, yeye alikuwa akichonga penseli achore grafu vizuri, na alikumbuka kwamba grafu ilitoka safi, na kwamba aliifurahia.

"Nani alisema nisiambiwe?"

Mjomba alitazama spana iliyokuwa juu ya dashibodi kana kwamba ndiyo iliyoulizwa. Hatimaye akasema ni baba yake. Mama alitaka aitwe. Walibishana mbele ya watu. Baba akasema mwache mtoto amalize, akija hamfufui, atakuwa amepoteza na mtihani bure. Na kwa kuwa siku hiyo kila mtu alikuwa amechoka kubishana na chochote, neno lake likapita.

"Sawa," alisema Wakili. Hakulia mpaka alipoona, chini ya benchi la sebuleni, kandambili ndogo zimepangwa sambamba, visigino ukutani, jinsi Meneja mwenyewe alivyoamrisha viatu vyote vya nyumba vipangwe.

Kwa Mama alilia hadi sauti ikakauka. Kwa Baba hakutoa neno. Si salamu, si ndiyo, si hapana. Alipoulizwa jambo alimjibu Mama, hata kama Mama hakuwepo chumbani. Mtu aliyejenga jina lake kwa mdomo alijua vizuri thamani ya kuufunga, na alimnyima baba yake mdomo huo kwa ubahili wa mchuuzi. Baba hakulalamika. Alikuwa amekonda shingo, kola ya shati imemkaa kama ya kuazima. Mwalimu mkuu alikuwa amemwambia apumzike nyumbani kwanza.

Mapumziko yenyewe yalikuwa hivi. Kila asubuhi, baada ya chai aliyoiacha nusu, alipanda kwenye kiti na kuandika karibu na dari: 16,775,168. Chini yake nusu ya hiyo, chini yake nusu ya nusu, akashuka, hadi 16,382, hadi 8,191, halafu 4,096, 2,048, akiinama zaidi na zaidi, hadi nne, hadi mbili. Akajumlisha yote kimyakimya, midomo ikicheza. Akaandika jumla pembeni, ndani ya kisanduku: 33,550,335. Akasimama mbele yake kitambo. Baadaye akafuta ukuta mzima kwa kitambaa chenye maji, na kesho akaanza upya.

Mama aliogopa. Alimwambia Wakili, akikata kola huku hatazami mkasi, kwamba mtu huyu zamani alikuwa akimkokotolea bei ya jora la kitambaa kabla mwenye duka hajafunga mdomo, na sasa kila siku ya Mungu anakosea moja. Moja tu, ileile. Kama mtu anayejikwaa kwenye kizingiti cha nyumba yake mwenyewe. Akamwomba amwambie. Wewe unazijua hizo, mimi zinanipita pembeni, mwambie kakosea wapi.

Wakili alijua kakosea wapi tangu siku ya kwanza, akiwa ukumbini na ndoo mkononi. Mstari wa chini kabisa ulikuwa mtupu. Baba alifika kwenye mbili, akanyooka mgongo, akaanza kujumlisha, kana kwamba chini ya mbili dunia imekwisha. Na wala hakuona huruma, aliona moto. Kumbe ndiyo tabia yake, alijiambia. Alimtoa mmoja kwenye mazishi, sasa anamtoa mwingine kwenye hesabu. Anapunguza watu.

"Mwache akosee," alimjibu Mama, na Mama akamtazama kama mtu aliyekuta kitu kigeni kwenye mfuko wa nguo anayoijua.

Siku moja, akiwa nyuma ya nyumba anasubiri ndoo ijae, Wakili aliokota kijiti akaandika kwenye vumbi. Kundi dogo, kuanzia moja hadi 4,096, jumla yake ni 8,191 barabara, ile nguzo. Hilo walilijua zamani. Lakini kundi dogo la Baba, lisilo na moja, linaishia 8,190. Akaigawanya. Kwa mbili, sufuri. Kwa tatu, sufuri. Kwa tano, saba, kumi na tatu, sufuri, sufuri, sufuri. Namba iliyowashinda kidato cha kwanza kizima, ukiinyang'anya kile kijiti kimoja, inavunjwa na kila mpita njia. Ndoo ikajaa, ikamwagika miguuni mwake, hakuisogeza. Ilikuwa ndiyo habari nzuri kuliko zote alizowahi kuzipata kuhusu namba, na alijikuta anainuka haraka kwenda kuisema, na alipokwisha kuinuka akakumbuka kwamba kati ya watu wawili wa kuambiwa, mmoja yuko ardhini na mwingine hasemi naye.

Hapo ndipo alipoamua kuondoka. Alimwambia Mama kwamba atakwenda kukaa kwa Mjomba, atamalizia masomo shule ya huko, na nyumbani hatarudi ila kumsalimia yeye. Alizungumza kwa utaratibu, hoja ya kwanza, hoja ya pili. Mama hakupinga hata moja. Aliuliza tu kama aimalizie ile sare mpya aliyomkatia, au aipunguze iwe ya mtoto mwingine. Wakili akageukia sanduku, akalifunga.

Asubuhi ya kuondoka alifanya utundu wake wa mwisho katika nyumba hiyo. Aliamka kabla ya Baba, akakusanya chaki zote, nzima na vipande, hata vile vilivyodondokea nyuma ya benchi, akazifukia kwenye ndoo ya mchele. Akaketi juu ya sanduku lake karibu na mlango, kusubiri pikapu, na kutazama.

Baba alitoka chumbani, akapapasa kijirafu cha chini ya ukuta. Akapiga magoti akatazama nyuma ya benchi. Alizisogeza kandambili ndogo ili aone vizuri, na alipomaliza kutafuta akazirudisha, visigino ukutani, akizilinganisha kwa vidole viwili. Wakili aligeuzia uso mlangoni. Aliposikia kiti kinaburutwa, akatazama tena. Baba alikuwa ameingia kwa Mama na kutoka na chaki ya fundi, ile bapa ya buluu ya kuchoria vitambaa, na sasa, juu ya kiti, alikuwa akiandika kwayo karibu na dari. Haikutaka kushika. Alilazimika kupita kila tarakimu mara mbili. Ukuta ulijaa buluu hafifu, kama mchoro wa nguo ya jitu fulani, ukateremka, ukateremka, nne, mbili. Akanyooka akishika kiuno. Akajumlisha. Akaandika kwenye kisanduku 33,550,335.

Cherehani ya chumba cha pili ilikuwa imenyamaza muda mrefu.

"Umesahau moja," alisema Wakili.

Sauti hiyo Baba alikuwa hajaisikia ikimwelekea tangu muhula uanze.

"Sijasahau."

"Jumla yako inaishia na tano. Kila siku inaishia na tano. Umemruka."

"Nimemwachia nafasi."

"Ya nini? Si ulishamaliza kila kitu peke yako?"

Baba aliteremsha mkono wenye chaki. Vidole vilikuwa buluu hadi kwenye kiganja. Alikaa kwenye kiti alichokuwa amekipanda, akawa chini ya namba zake zote.

"Ndiyo," alisema. "Kule nilimaliza bila wewe. Nilipofika nyumbani nikaanza hii, niliahidi tutaifanya, na nilipofika pale chini mkono ukakataa. Nikasema hii siimalizi mpaka uje. Ulipokuja hukunisemesha. Nikawa naifuta naianza tena, ili siku ukisogea unikute niko pale pale."

"Ungeniita."

"Niliogopa kukuita mara ya pili, wakati mara ya kwanza sikukuita."

Wakili alikuwa na hotuba. Alikuwa ameiandaa tangu ndani ya pikapu, ina utangulizi na ushahidi, na ndani yake baba alikuwa mshtakiwa asiye na utetezi. Aliitafuta sasa kichwani akakuta imebaki sentensi moja, na hata hiyo haikutoka sawasawa.

"Nilikuwa nachora grafu, Baba. Mnamfukia, mimi nachora grafu. Nikaona imependeza."

"Najua."

"Mlinifanya mgeni."

"Mimi ndiye. Mama yako alikataa." Akafuta uso kwa kiganja, akaacha doa la buluu shavuni. "Nilipiga hesabu pale hospitalini, nimesimama kwenye korido. Nikajiambia, nimepoteza mmoja, nikimwacha huyu amalize mtihani wake nitakuwa nimepoteza mmoja tu. Kazi yangu ndiyo hiyo, mwanangu, hesabu. Sijawahi kukosea vibaya namna ile."

Hakuomba msamaha zaidi ya hapo, na Wakili hakuutoa. Alikaa juu ya sanduku, mikono kati ya magoti, akiutazama ule mstari mtupu chini ya mbili. Kwa muda mrefu alikuwa akiuona kama mahali alipofutwa mtu. Alijaribu kuuona vingine, ikawa kama kulazimisha macho kuzoea giza: kwanza hakuna kitu, halafu taratibu ukingo wa kitu.

"Ile 8,191 ni tasa," alisema baadaye, akiutazama ukuta. "Niliwafanyisha kidato cha kwanza. Kwa mbili inabaki moja. Kwa tatu, moja. Tano, saba, kumi na tatu. Nilikuwa nije nimwambie."

Baba aliinua kichwa. Ile nuru ya kazi, ya mtu aliyeguswa mahali anapopajua, ilipita usoni mwake ikakutana na nyingine, na hizo mbili hazikuweza kukaa pamoja. Alifunika macho.

"Na ukiitoa moja inavunjika yote," Wakili aliendelea, kwa sababu alikuwa ameanza na hakujua pa kuishia. "8,190 inagawanyika kwa kila kitu. Kila kitu, Baba. Nilijaribu."

"Ndiyo," alisema Baba nyuma ya mikono. "Ndiyo, mama."

Aliinuka. Alisogea pembeni ya ukuta, akamnyooshea binti yake chaki ya fundi kwa mikono miwili.

Wakili hakuwahi kuandika mstari huo maishani mwake na hakujua ulivyo mbali. Kuinama hakukutosha. Ilimbidi achuchumae, kisha apige magoti kabisa, shavu karibu kugusa ukuta wa baridi, na kutoka huko chini namba za Baba zilionekana ndefu kupita kiasi, zinapanda hadi zinapotelea. Hivi ndivyo Meneja alivyokuwa akiziona, kila likizo. Akachora kijiti. Kililala kidogo kushoto, bila yeye kukusudia. Kisha akasimama na kugeuka, na kwa kuwa mikono haikujua pa kwenda, ikaenda nyuma.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na kipande cha kola mkononi.

Wakili alitaka kulisema lile neno la Meneja kwa uchovu wa mwenyewe, kwa ule ukubwa. Likatoka dogo, limepasuka katikati. Lakini lilisikika, na Baba alilisubiri mpaka likaisha, ndipo akafuta tano kwa kidole gumba na kuandika sita.

Hakuna aliyepiga makofi. Wote watatu walisubiri, kila mmoja akijua anachosubiri, hadi mabomba ya pikapu yakasikika yakigongana mtaani, yakasogea, yakasimama nje.

Mjomba aliingiza kichwa mlangoni bila kubisha. Aliwatazama mmoja mmoja, akautazama ukuta wa buluu, akalitazama shavu la shemeji yake. Akauliza, kwa sauti ya chini kuliko ya kawaida yake, kama mzigo ndio huu.

"Ingia kwanza, Mjomba," alisema Wakili, na akalisukuma sanduku kwa mguu ili mlango ufunguke vizuri. "Viatu weka chini ya benchi. Visigino ukutani."